Mume wangu anataka mama yangu alale nasi kwenye karavani

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Walukuba, Jinja. Mimi ni Muganda wa Masaka, mume wangu ni Mkonzo wa Bwera, Kasese, na nyumbani kwetu ni Kiswahili tu kwa sababu ndicho tulichokutana nacho. Mungu ametupa watoto wanne. Mkubwa ana miaka 14, kitinda mimba ana 5.

Mwezi wa nane baba watoto alirudi jioni akivuta karavani nyuma ya dabokebini yake. Kuna Mjerumani alikuwa kwenye mradi fulani, muda wake ukaisha, akawa anauza vitu vyake. Mume wangu alikwenda kuangalia jokofu, akarudi na nyumba nzima. Sikuulizwa. Nilishtukia geti linafunguliwa. Lakini siwezi kusema uongo, ni nzuri: mbele ina kitanda kikubwa, nyuma kuna meza inayoshushwa ikawa kitanda cha pili, kuna jiko la gesi, sinki, na choo kidogo chenye mlango mwembamba, ukikohoa humo ndani aliye kitandani anakwambia pole. Katikati ya vitanda viwili kuna pazia. Pazia tu, Shangazi.

Sasa baba mkwe wangu huko Bwera amemwalika mama yangu. Tangu niolewe mama hajafika kwao, na mzee anasema hataki kufa kabla hajamkaribisha nyumbani kwake mama aliyemzalia mke wa mwanawe. Basi mume wangu ameshapanga. Tukimaliza Krismasi hapa Jinja tunafunga karavani, tunampitia mama kwake Nyendo, Masaka, tunalala siku mbili mbuga ya Ziwa Mburo watoto waone punda milia, kisha tunaendelea hadi Bwera kwa mwaka mpya.

Shida yangu ni mama. Unatujua sisi Waganda na habari ya mkwe. Tangu siku ya kwanjula, nilipomtambulisha mume wangu kwetu, mama hajampa mkono. Akija kwetu, baba watoto anamwamkia kutoka barazani, mama anaitikia akiwa ndani, na kila kitu kinapitia kwangu, hata chumvi. Mama anaamini obuko, ule ugonjwa wa kutetemeka mikono unaosemekana kumpata mtu aliyevunja heshima ya mkwe. Kuna jirani yake mzee anatetemeka, na kijiji kizima kinamnong'ona hivyo hivyo. Leo nimwambie alale hatua tatu kutoka kwa mkwewe, kwenye chumba kinachotikisika mtu akijigeuza, na alfajiri wapishane kwenda choo kile? Nilipomwambia mume wangu alicheka. Alisema dunia imebadilika, pazia lipo, na kwamba kumtafutia mama kitanda cha kulipia wakati tuna nyumba yetu ndiyo dharau yenyewe.

Tena tukifika Bwera anataka tuegeshe uani kwa wazazi wake na tulale humo humo mpaka tuondoke, kwa sababu nyumba hujaa ndugu. Nawajua mawifi zangu. Watasema Muganda ameona nyumba yetu chafu akaja na yake.

Gari lina viti vitano. Na mama tutakuwa saba, kwa hiyo amesema wale wawili wakubwa watakaa ndani ya karavani wakicheza karata kitandani, nao wamefurahi hawalali. Kwenye kibati cha karavani imeandikwa kilo 1,300 na yeye anasema hapo hakuna tatizo: gunia la sukari na mifuko miwili ya saruji anayompelekea baba yake vitakaa nyuma kabisa chini ya meza. Sigiri ya mkaa nayo tunabeba, mvua ikinyesha tupikie ndani tusimalize gesi.

Shangazi, siipingi safari. Sijawahi kulala mbugani na natamani. Lakini nikifungua mdomo naonekana mshamba au sina shukrani. Nimwambieje mume wangu? Na mama nimwambieje?

Mama Watoto Wanne, Jinja

*

Marahaba mwanangu.

Umenijazia ukurasa kwa habari ya pazia, na pazia nitalifikia. Lakini kuna mambo mawili umeyapitisha haraka haraka mwishoni, na hayo ndiyo yanayoweza kuleta msiba: watoto kupanda ndani ya karavani, na sigiri.

Hakuna mtu anayekaa ndani ya karavani inapovutwa. Awe mtoto, awe mkubwa, hata kama ni kutoka getini hadi kwenye lami. Kuta zake ni bati jembamba na mbao nyepesi zilizogandishwa kwa gundi. Hakuna mkanda wa kufunga, na kila kilicho kabatini, sufuria, sahani, mtungi, kinaruka siku dereva akikanyaga breki ya ghafla. Kiunganishi kikichomoka, tela linakwenda linakotaka na waliomo ndani hawana usukani wala breki. Wewe ukiwa mbele huwasikii wakilia. Kwa hili usimtume wifi wala mchungaji. Mwambie mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, siku ambayo hajachoka: watoto wangu hawapandi humo. Akibisha, rudia. Hapa sikushauri uwe mpole.

Sigiri nayo ibaki Walukuba, au ipande nyuma ya dabokebini na iwashwe nje tu, mbali na mlango. Mkaa ukiungua kwenye chumba kidogo hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala moshi wa kukustua. Mtu anasikia usingizi, kichwa kizito, basi. Kila mwaka tunasikia wa namna hiyo waliolala na sigiri chumbani kwa sababu ya baridi. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Na hilo jiko la gesi ni la kupikia chai, halipashi joto chumba. Mkianza safari mtungi ufungwe kwenye koki yake kabisa.

Haya, sasa hesabu. Viti vitano. Mnasumbuka nani alale wapi, wakati hamjapata nani akae wapi. Hata bila mama ninyi ni sita, kwa hiyo pazia au hakuna pazia, kuna mtu anasafiri kwa njia nyingine. Ukishakubali hilo, nusu ya ugomvi wenu inakwisha yenyewe, na wala hamtabishana juu ya mila.

Ningefanya hivi. Shule zikifungwa, mtoto wako wa miaka 14 apelekwe Nyendo kwa bibi yake mapema, kama watoto wengi wanavyokwenda kwa mabibi likizo. Krismasi ale huko, amchotee bibi maji, amsaidie kuchuma kahawa kama ipo. Mkitoka Jinja mko watano, viti vitano, kila mtu na mkanda wake. Mnafika Nyendo, mnalala. Kesho yake ninyi mnakwenda Mburo, mama anabaki kwake akijiandaa. Siku mnayotoka mbugani, mama na mjukuu wake wanapanda basi la mchana kwenda Kasese au Bwera. La mchana, nasisitiza, mabasi ya usiku ya njia ile yanakimbizana. Anafika kwa baba mkwe wako kama mgeni aliyealikwa, ana mjukuu wa kumbebea mfuko, anapokelewa na wenyeji wake. Hateremki kutoka kwenye kitanda cha mkwewe. Na kwa taarifa yako, barabara ya kutoka Mbarara kwenda Kasese inakatiza ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, kwa hiyo huyo mama anaweza kuwaona ndovu akiwa kwenye siti ya basi.

Nimesema kitanda cha mkwewe kwa makusudi. Mume wako anafikiri shida ni macho, ndiyo maana anakuambia pazia lipo. Mwanamke wa Kiganda wa umri wa mama yako hawezi kulalia godoro la mwanamume aliyemuoa binti yake, hata huyo mwanamume akiwa Nairobi usiku huo. Kwa hiyo hata ule ujanja unaoufikiria (najua umeufikiria) kwamba baba watoto alale kwenye hema nje na mama alale ndani nawe, hautapita. Usimfikishe mahali pa kukataa. Mama wa hivyo hatakuambia hapana, atakuambia mgongo unamuuma, na safari nzima atakuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki nje mpaka usiku wa manane.

Kuhusu obuko, sikucheki wala simcheki mama. Ila yule jirani mzee anayetetemeka apelekwe hospitali. Kutetemeka kwa mikono uzeeni mara nyingi ni maradhi ya mishipa ya fahamu, Parkinson ikiwemo, na kuna dawa za kumpunguzia. Kumnong'ona hakumsaidii. Heshima ya mkwe inaweza kusimama yenyewe bila kutishiwa ugonjwa. Mama yako na mume wako wameishi nayo miaka yote hii wakipitishiana chumvi na hakuna aliyeumia.

Je, mwenyewe umemuuliza mama anataka nini? Barua yako yote inaeleza anachoamini, hakuna mahali aliposema. Inawezekana kabisa anatamani kuona punda milia kuliko hao watoto. Kama ndivyo, Ziwa Mburo wana mabanda ya UWA, mamlaka ya wanyamapori, pale kambi ya Rwonyo, mnamkodia lake, analala na mjukuu wa kike. Mtihani wa viti unarudi, kwa hiyo mtalazimika kukodi gari dogo la pili, na hapo mume wako atakuna kichwa. Muulize mama kwa simu, ukiwa peke yako, na usimpe jibu mdomoni.

Njia ya kumwambia mume wako habari ya mama ni tofauti na ile ya watoto. Hapo tumia mtu. Una kaka? Kaka yako amweleze kama shemeji kwa shemeji, kwamba ukoo wenu utaona aibu. Mume wako ni Mkonzo, na kwao pia mkwe ana mipaka yake. Akiambiwa na mwanamume mwenzake kwamba anawaaibisha watu, ataelewa haraka kuliko akiambiwa na wewe kwamba amekosea. Yule mtu hana nia mbaya. Anataka familia yake yote chini ya paa moja alilolinunua, anaona fahari, na fahari hiyo usimvunjie. Hilo la kununua bila kukuambia ni barua nyingine, niandikie baada ya sikukuu.

Mpe kazi ya kufanya kwenye karavani yenyewe. Wanaume wenye kitu kipya hupenda kupewa kazi.

Kwanza hiyo kilo 1,300. Huo ni uzito wa juu kabisa, karavani pamoja na kila kilichomo. Uzito wake mtupu uko kwenye karatasi zake. Tuseme ni kilo 1,100: zimebaki 200 kwa godoro, vyombo, mtungi wa gesi, nguo, na maji, na jerikeni moja ya lita 20 ni kilo 20. Sasa weka gunia la sukari kilo 50 na saruji mifuko miwili, kilo 100. Umekwisha kabla hujapakia shuka. Na hebu mwanangu, saruji? Saruji inatengenezwa Hima, huko huko Kasese! Anaivuta kutoka Jinja, anaivusha Kampala, kwenda kumpelekea mzee anayeishi karibu na kiwanda. Abebe pesa anunue huko. Sukari sawa, Kakira ni jirani yenu na zawadi ya sukari ina maana yake, lakini ikae nyuma ya dabokebini.

Mzigo mzito kuwekwa nyuma kabisa ya karavani ndio unaopindua watu. Mkia ukiwa mzito, pua inanyanyuka, kiunganishi kinakosa uzito wa kukikandamiza, na lori likipita au upepo ukipiga mkia unaanza kupepea kushoto kulia, kila mara zaidi, mpaka unaburuta gari. Vitu vizito vikae sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, vyepesi ndiyo vipande kabatini. Kwa karavani za Ulaya za namna hiyo, pua inatakiwa ikandamize kiunganishi kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Kwa kilo 1,300 ni kama kilo 65 hadi 90. Kupima ni rahisi. Achukue mizani ya bafuni, aweke kipande cha mbao wima juu yake, pua ya karavani iegemee mbao kwa urefu ule ule inaokuwa ikifungwa kwenye gari, asome. Aone pia kibati cha kiunganishi na cha gari vinaruhusu kiasi gani. Watoto watapenda kusoma namba.

Halafu matairi. Mjerumani yule karavani yake ilisimama juani miaka mingapi? Mpira unazeeka hata kama kashata zake bado nzima. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2316, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na hilo sitaki kusikia limepasuka njiani Lyantonde likiwa moto. Yanunuliwe mapya kabla ya Desemba, na spea yake pia, maana spea ya dabokebini haitaingia.

Kuna kitu kimoja sidhani mmekiona. Karavani ya Ujerumani imetengenezewa watu wanaoendesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango wake uko kulia. Huku kwetu kulia ndiko mabasi yanakopita. Piga picha hii: mmesimama Lukaya, wauzaji wamewazunguka na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, mtoto wa miaka 5 anataka choo, anafungua mlango wa karavani na kurukia kwenye lami ya barabara ya Masaka. Basi kanuni iwe moja: mlango wa karavani una funguo, funguo unazo wewe, na haufunguliwi mpaka mmetoka barabarani kabisa, kwenye kituo cha mafuta au uwanja. Lukaya nunueni kupitia dirisha la gari, upande wa kushoto. Gonja ya pale hata mimi huwa siipiti.

Njia yenyewe si ngumu. Tokeni Jinja alfajiri kukiwa kumepambazuka, kabla barabara ya msitu wa Mabira haijajaa malori. Msiingie katikati ya Kampala na kitu kirefu namna hiyo. Bweyogerere mnashika barabara ya Northern Bypass mnaibuka Busega, mnaelekea Mpigi. Kama mvua ni kubwa wiki hiyo, sikilizeni habari za kinamasi cha Lwera na mto Katonga kabla hamjatoka. Mei 2023 Katonga ilikata barabara ya Masaka na watu wakazungushwa mbali, na mzunguko mrefu na karavani havipatani. Kayabwe watoto watataka picha kwenye mstari wa ikweta, hapo kuna nafasi ya kuegesha. Usiku msiendeshe hata kidogo, kuna malori yanalala barabarani bila taa.

Mwendo usizidi 80, na mimi ningebaki 70. Basi likiwapita mtasikia karavani inavutwa kwanza halafu inasukumwa. Ashike usukani kwa mikono miwili na asishindane nalo. Mkia ukianza kupepea, anyanyue mguu kwenye mafuta, usukani aushike wima, gari lipungue lenyewe. Akikanyaga breki kwa nguvu anaongeza balaa, na akiongeza mafuta ndiyo kabisa. Vioo vya pembeni vya gari havioni nyuma ya karavani pana, anunue vile virefu vya kubandika, maana bodaboda watajificha pale nyuma kukwepa upepo. Na taa za karavani zijaribiwe mtu akiwa amesimama nyuma, breki, indiketa zote. Soketi za Ulaya mara nyingi zina pini 13 na gari lina 7.

Kutoka barabara kuu kuingia Mburo kwa lango la Nshara ni murram, barabara ya udongo isiyo na lami. Nenda polepole, fungeni makabati kwa utepe wa gundi, kuna vumbi litakaloingia hata mfanyeje. Kama mvua imenyesha, waulizeni askari wa UWA langoni kama karavani inapita. Wakisema hapana, iegesheni mahali pa uhakika karibu na lami mkalale kwenye mabanda, hamjapoteza kitu. Kambi ya ziwani viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na wanapita kati ya mahema bila kuomba ruhusa. Hapo karavani inalishinda hema, ndani mna choo. Usiku watoto wasitoke. Kukicha funikeni chakula, nyani na tumbili wanajua kufungua mfuko wa mkate kuliko mtoto wako mdogo. Hicho choo, kwa njia, kina ndoo yake ya kumwaga. Anayemwaga ni aliyenunua karavani.

Kutoka Mburo hadi Bwera ni siku nzima. Mtazunguka Mbarara kwa bypass, mtapita Ishaka, na baada ya vilima vya Rubirizi mtafika Kichwamba, ambako barabara inateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi uwanda wa Queen Elizabeth. Mandhari ni ya kusimamisha moyo, lakini dereva asitazame. Kabla ya mteremko aingize gia ndogo, ashuke nayo hiyo hiyo, breki aguse na kuachia. Breki za karavani ya aina hiyo hufanya kazi pale tela linaposukuma gari, akizikalia mteremko mzima zinachemka. Mkifika chini mnavuka daraja la Katunguru, na Kikorongo ndipo mnapokata kushoto kwenda Bwera. Mkikuta ndovu barabarani simameni mbali, msizime gari, msipige honi. Mkiwa na tela hamwezi kurudi nyuma kwa haraka.

Sasa mawifi. Wewe una sababu ya kuwaogopa, lakini usianze kujitetea kabla hujashtakiwa. Mkifika Bwera, karavani ifungwe na iachwe pale. Usiku wa kwanza laleni ndani ya nyumba, hata kama ni kwenye mkeka na watoto wa watu sita. Kula walichopika, oga kwenye bafu lao, tumia choo chao. Kesho yake mume wako, mbele ya ndugu, amuulize baba yake: mzee, hiki kitu tukiweke wapi? Mzee ndiye aonyeshe mahali. Akishaonyesha, karavani imekuwa ya boma lake, na atakayesema neno atakuwa anasema na mzee. Ukitaka kuwamaliza kabisa, mualike wifi mkubwa alale humo usiku mmoja na wanawe. Baada ya hapo shida yako itakuwa kumtoa.

Bwera ni vilima, kwa hiyo kabla ya kuifungua kutoka kwenye gari mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu, breki ya mkono ya karavani ivutwe, ndipo kiunganishi kifunguliwe. Zile nguzo nne za pembeni ni za kuizuia isicheze, si jeki, zikitumiwa kunyanyua zinapinda. Na watoto wa boma wasipewe ruhusa ya kurukaruka ndani mpaka zimeshushwa.

Nauli ya mama ya basi, yeye na mjukuu, aitoe mume wako. Aitoe kwako, wewe umtumie mama kwa simu, na umwambie imetoka kwa mkwewe.

Shangazi